Mlezi Asiye Ndugu

Nilipohamia Misugusugu, Kibaha, nilikuwa na godoro, sanduku la vitabu na talaka. Nilikuwa nimeolewa kwetu Chole, ile ya Kisarawe, siyo ya kisiwani Mafia kama wengi wanavyodhani nikiitaja. Ndoa ilivunjika kwa sababu miaka ilikwenda bila mtoto. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Mama yake alichoka kusubiri wajukuu, yeye akachoka kumsikiliza mama yake, na njia fupi ya wote wawili kupumzika ikawa kuniacha mimi. Niliomba uhamisho, nikapata nafasi katika shule ya msingi huku Kibaha, nikapanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, milango inatazamana uani.

Kwenye mlango uliotazamana na wangu alikaa fundi cherehani, mwanamke wa Maneromango, Mlutheri, aliyeshona sare za shule kwenye fremu ya duka kando ya barabara. Alikuwa na mimba iliyokwisha kuwa kubwa, na binti mdogo aliyekuwa ameanza shule. Baba wa watoto alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Mimba ya pili ilipoonekana, dereva hakupita tena Kibaha, na simu yake haikupatikana tena.

Urafiki wetu ulianza kwa mambo ya kawaida ya uani. Aliniomba nimsimamie binti yake kwenye kusoma, nami nikamwomba anipunguzie gauni. Uchungu ulipomshika, mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilimpakia kwenye bajaji hadi hospitali, nikakaa kwenye benchi la nje mpaka muuguzi akatoka na kusema ni mtoto wa kiume. Niliporudi nyumbani nilimkuta binti ameketi mlangoni kwangu, amejiandaa kwa shule, ametandika na kitanda changu. Tangu siku ile sikumbuki tena kupika sufuria ya mtu mmoja.

Baadaye tulinunua kiwanja, mimi na yeye, hapo hapo Misugusugu, sehemu ambayo wakati ule bado ilikuwa na vichaka. Mkataba tuliuandika ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Ninyi ni ndugu?"

"Hapana," nikasema.

"Sasa mkigombana itakuwaje?"

Rafiki yangu akamuuliza, "Mwenyekiti, mke na mume wakija kununua kiwanja huwa unawauliza swali hilo?"

Mwenyekiti alicheka, akapiga muhuri. Tulijenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka unaofuata, bati baada ya hapo. Tulihamia kabla ya kupiga plasta. Kulikuwa na chumba chake na mtoto mdogo, chumba changu, chumba cha binti kilichokuwa pia stoo ya vitambaa, na sebule ambayo cherehani ya pili iliketi pale ambapo watu wengine huweka televisheni.

Watoto waliniita Mama Mwalimu. Hakuna aliyewafundisha. Mwezi wa Ramadhani rafiki yangu alinipikia tambi na uji wa pilipili manga, akinikemea nikichelewa kufuturu. Jumapili mimi ndiye niliyepiga pasi nguo za kanisani, kwa sababu yeye alisema mtu anayeshika pasi siku sita za wiki ana haki ya kupumzika ya saba. Watu wakiuliza kama ni dada yangu, tulisema ndiyo ili mazungumzo yaishe. Wengine waliuliza zaidi ya hapo, na wengine hawakuuliza ila walisema. Tuliwasikia. Yeye alisema watu wakikosa mwanamume ndani ya nyumba huanza kumtafuta, na wasipomwona hukasirika kama wameibiwa.

Binti alikuwa darasa la tano na mdogo wake hajaanza hata chekechea rafiki yangu alipoanza kutokwa na damu isiyo ya mwezi. Alinificha kwa muda. Aliposhindwa kuficha tulikwenda hospitali, wakatupeleka Dar, na huko wakatuambia ni saratani ya shingo ya kizazi na kwamba tumechelewa. Yalikuja maswali ya kuandikisha wodini.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Ninaishi naye."

"Ndugu?"

"Rafiki yake. Tunalea watoto pamoja."

Muuguzi hakuwa mkali. Alisema tu, "Mama, kwa hapa tunahitaji ndugu," akaniomba namba ya simu ya mtu wa familia. Nikampa ya kaka yake wa Maneromango. Alifika kesho yake na viatu vyenye matope, akasaini kilichotakiwa kusainiwa, na kuanzia hapo daktari alizungumza naye yeye. Mimi niliendelea kuosha mashuka.

Huyu kaka ndiye mjomba wa watoto, na nitamwita Mjomba kwa sababu ndivyo tulivyomwita nyumbani. Ni mkulima wa korosho na mihogo, mtu wa sauti ya chini, mzee wa kanisa. Kwetu Wazaramo mjomba si mgeni wa kuja na pipi. Ana neno kwa watoto wa dada yake, hata baba yao awepo. Na hawa baba hawakuwa naye. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani alikuwa adui.

Siku moja kabla hajafa, rafiki yangu alitutaka mimi na Mjomba tukae upande mmoja wa kitanda, ili asigeuze shingo. Akasema, "Watoto wakae pamoja. Na wasome." Mjomba akajibu, "Usijali." Nami nikasema, "Usijali." Hakusema wakae na nani. Kila mmoja wetu aliondoka akiamini kuwa ameambiwa yeye.

Tulimzika Maneromango, nyuma ya nyumba ya mama yake. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, na gari la msiba lilikwama baada ya kijiji cha Msanga, tukashuka kusukuma pamoja na vijana wa kijijini. Nilikaa siku zote za matanga, nikilala kwenye mkeka na wanawake wengine. Siku ya kuvunja matanga ukoo uliketi kikao. Sikuitwa. Niliketi jikoni nikimenya mihogo na bibi wa watoto, mama wa marehemu, hadi Mjomba alipokuja kuniita uwanjani.

"Mwalimu," alisema, "tunakushukuru sana. Umemuuguza dada yetu, na hatuna cha kukulipa. Kikao kimeona hivi: binti atakwenda kwa mama yake mdogo, Kisarawe mjini, atasoma huko. Huyu mdogo atabaki hapa na mimi na bibi yake."

"Lakini marehemu alisema wakae pamoja, kaka."

"Kisarawe na hapa ni pamoja. Ni ndani ya ukoo."

"Nyumbani kwao ni Misugusugu."

"Mwalimu, usione vibaya. Wewe ni mtu mwema. Ila watu wataniuliza, watoto wa dada yako wako wapi? Niseme wako kwa nani? Wewe si ndugu, na dini yetu si moja. Nitawajibu nini?"

Binti alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, na nilijua anasikia. Sikuangalia upande ule. Nilirudi Kibaha peke yangu, na kwa wiki kadhaa nilikaa na nyumba yenye cherehani mbili na vyumba vilivyofungwa. Shuleni wenzangu waliniambia maneno ya kunifariji, mengi yakiishia na "hata hivyo hawakuwa wako." Walisema kwa nia njema.

Aliyenipeleka kwa wakili ni mwalimu mwenzangu aliyewahi kusaidiwa kwenye mirathi ya mumewe. Ofisi ilikuwa chumba kimoja si mbali na mahakama, viti vya plastiki, na kila kiti kina mtu. Wakili alikuwa msichana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, kisha akanisikiliza bila kuandika kitu mpaka nilipomaliza.

"Mwalimu, unataka nini hasa?" akauliza. "Nyumba?"

"Nyumba si shida. Nusu yake ni ya watoto, na ninataka ibaki ya watoto. Ninawataka watoto."

"Unawataka kama haki yako?"

Nilifikiri. "Sijui kama ni haki yangu. Wamenizoea. Binti anafaulu. Walikuwa na kwao."

"Vizuri," akasema, "kwa sababu mahakama haitauliza kama umeonewa. Itauliza watoto wako salama wapi na wanalelewa vyema wapi. Sheria ya mtoto inaangalia ndugu kwanza, sitakudanganya. Lakini haikuishia kwa ndugu. Mtu asiye ndugu anaweza kukubaliwa kuwa mlezi, ustawi wa jamii wakimchunguza na kumwona anafaa. Wakikuchunguza watauliza mengi, na mengine hutayapenda."

Aliniambia pia kitu nilichokitafakari muda mrefu. Alisema wanaokuja kwake na kesi kama yangu wengi hushindwa kwa sababu huingia mahakamani kumchafua ndugu. "Usimseme vibaya mjomba wao. Siku moja utamhitaji."

Maombi yakapelekwa mahakamani. Afisa ustawi wa jamii alikuja Misugusugu bila kunitaarifu, siku ya Jumamosi, nikiwa nafua. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mkoba wa begani na adabu ya mtu aliyezoea kuingia nyumba za watu. Aliangalia vyumba, choo, mahali pa maji. Aliangalia madaftari ya binti niliyokuwa nimeyaweka. Kisha akaketi.

"Mwalimu, wewe na marehemu mliishi pamoja miaka mingi. Kwa nini hukuolewa tena?"

"Sikupata aliyenifaa, na nilikuwa na maisha."

"Na yeye?"

"Naye hivyo hivyo."

"Majirani wengine wanasema ninyi mlikuwa zaidi ya marafiki."

"Hilo ni kweli," nikamwambia. "Rafiki huwezi kumwachia mwanao akiwa na degedege ukaenda kazini. Mimi niliachiwa. Tulikuwa familia, afande."

Sijui kwa nini nilimwita afande. Alitabasamu kidogo, akaandika. Halafu akaenda kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Jirani yangu wa kulia, mama muuza mkaa ambaye hatukuelewana kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, aliniambia baadaye yote aliyomjibu. "Nilimwambia huyu mwalimu ana kiburi na mfereji wake unanuka. Lakini watoto wale walikuwa wasafi, na hawakuwahi kuja kwangu na njaa. Ndivyo nilivyosema, sikukupendelea." Kwa kweli hakunipendelea. Bado tunabishana kuhusu mfereji.

Kisha afisa alikwenda Maneromango na Kisarawe mjini. Aliyoyakuta sikuyajua mpaka siku ya shauri.

Shauri la watoto halisikilizwi kwenye ukumbi ule mkubwa wenye kizimba. Tulikaa kwenye chumba kidogo, meza moja ndefu. Hakimu alikuwa mwanamama mwenye miwani, hana joho. Upande mmoja mimi na wakili, upande wa pili Mjomba akiwa na koti la kanisani, na mama mdogo wa watoto, yule wa Kisarawe. Bibi hakuja, magoti yalimzuia.

Mjomba alipewa nafasi, akasema kwa ufupi. Watoto wana ukoo. Ukoo haujashindwa. Marehemu alitaka wakae pamoja, naye aliahidi kitandani. Nami nilisema kwamba niliahidi kwenye kitanda kile kile. Hakimu akatutazama, akauliza, "Alisema wakae na nani?" Mjomba ndiye aliyejibu kwanza. "Hakusema, mheshimiwa." Nilimheshimu kwa jibu lile. Angeweza kusema chochote, na hakuna aliyekuwepo pale zaidi yangu.

Mama mdogo hakuwa mpole kama kaka yake. "Mheshimiwa, wanawake wawili ndani ya nyumba moja, mume hakuna, mmoja anasali Ijumaa na mwingine Jumapili, hiyo ni familia gani? Watoto watajifunza nini pale?"

Hakimu akanigeukia. "Mwombaji, jibu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi, na maneno yote niliyoyaandaa yakapotea. Nikasema, "Mheshimiwa, binti alijifunza kusoma pale. Mdogo wake alijifunza kuchora pale, ukutani mwa sebule, mpaka leo alama zake zipo. Walikwenda Sunday school kila wiki. Mimi ni Mwislamu na ndiye niliyewapigia pasi. Mwenzangu aliniheshimu, nami nilimheshimu. Sina jina la kuiita familia ya namna hiyo. Sisi tuliiita nyumbani."

Wakili alinigusa mkono, maana yake ninyamaze hapo hapo. Kisha afisa ustawi akasoma taarifa yake. Kuhusu Maneromango alisema mtoto wa kiume ana afya, anapendwa, anacheza na binamu zake, hana malalamiko. Kuhusu Kisarawe alisema binti hajaandikishwa shule yoyote tangu alipofika. Anashinda nyumbani na mtoto mchanga wa mama yake mdogo.

Mama mdogo alianza kueleza kuhusu uhamisho wa shule na karatasi zilizokosekana. Mjomba hakumwangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri sala iishe.

Hakimu alitutoa nje wote, akawaita watoto, ambao ndugu zao walikuwa wamewaleta, akawasikiliza mmoja mmoja pamoja na afisa. Sheria inataka mtoto asikilizwe kama ana umri wa kueleza, na hata yule mdogo alipewa dakika zake, dada yake akiwa amemshika mkono. Tuliketi kwenye benchi la korido, Mjomba upande ule, mimi upande huu. Baada ya muda alisogea.

"Mwalimu, hili la shule sikulijua."

"Najua hukulijua, kaka."

"Kila nikipiga simu naambiwa anasoma." Akasugua viganja. "Dada yangu alisema wasome. Maneno yalikuwa mawili tu, na moja nimelipoteza."

Nilitaka kusema kitu cha kumshinda, ilikuwa nafasi nzuri. Nilikumbuka ushauri wa wakili, lakini si ushauri ulionizuia. Alikuwa na macho ya dada yake. Nikamwuliza kama amekula tangu asubuhi. Hakuwa amekula. Tulikwenda kwenye kibanda cha mama lishe nje ya geti, tukala wali na maharage, tukiongea kuhusu korosho.

Miaka mingi baadaye binti alinieleza alichomwambia hakimu siku ile. Alisema anataka kurudi shuleni kwake na kwamba mdogo wake akirudi atamlaza upande wa ukutani, kwa sababu huanguka kitandani. Mdogo wake aliulizwa anataka kukaa wapi. Akasema kwa mjomba, na kwa Mama Mwalimu, na mama arudi. Hakimu alivua miwani, binti alisema, akaifuta muda mrefu.

Hakimu hakutoa uamuzi siku ile. Alitutaka tukae kwanza na afisa ustawi tuone kama kuna tunachoweza kukubaliana. Tulikaa ofisini kwake mara kadhaa. Mjomba alikuja na masharti, akiwa ameyafikiria vizuri. Watoto wabaki Walutheri. Likizo zote waje Maneromango. Nusu ya nyumba iandikwe ni yao, isiuzwe wala isiwekwe rehani. Hayo yote niliyakubali kabla hajamaliza kuyasema.

"Na la mwisho," akasema, "huyu mdogo abaki kwa bibi yake hadi aanze darasa la kwanza. Mama amezika mtoto. Ukimchukua na mjukuu mwaka huu huu, nitamzika na yeye."

Hilo lilinichoma. Rafiki yangu alisema wakae pamoja, na mimi nilikuwa nimeshika neno lile kama fimbo. Nilitoka nje na wakili.

"Unaweza kukataa," akaniambia. "Hakimu anaweza kukupa wote. Anaweza pia kuona mtoto mdogo yuko vizuri alipo, akamwacha huko moja kwa moja. Ukikubali, unamkosa kwa muda, ila watoto wanabaki na watu wote wanaowapenda. Mimi siwezi kukuamulia."

Nilikubali. Mahakama ikayaweka makubaliano kuwa amri, nami nikaandikwa mlezi wao chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Binti alirudi Misugusugu na begi moja. Alikuwa amerefuka. Aliingia chumbani kwake, akatoka, akauliza vitambaa vya mama vimekwenda wapi. Nikamwonyesha nilipoviweka. Akavirudisha vyote chumbani kwake, robota kwa robota, ndipo akala.

Mdogo wake alikuja Januari ya kuanza darasa la kwanza, Mjomba akamleta mwenyewe akiwa na gunia la mihogo na kuku aliyefungwa miguu. Miezi ya kwanza haikuwa mizuri. Alikuwa amezoea mbuzi na binamu, na kisamvu cha bibi yake. Changu alisema kina mchanga. Aliniita "Mwalimu" tu, bila Mama, kama watoto wa darasani. Sikumlazimisha. Dada yake ndiye aliyemrekebisha kwa njia zake, ambazo sikuzichunguza. Mwaka ulipokwisha jina lilikuwa limerudi.

Amri ya mahakama ilimaliza ugomvi. Shida nyingine zilibaki. Bima yangu ya afya ya utumishi ilitambua watoto wa kuzaa na walioasiliwa kisheria, na mtoto akiugua malaria haulizi wewe ni mlezi wa aina gani. Niliandika barua, wakili akaandika barua, na kwa muda mrefu nililipa matibabu mwenyewe. Ndipo wakili akaniuliza kama nataka kuwaasili kabisa, wawe wangu kisheria.

"Kwa sheria," alieleza, "wataonekana kama wamezaliwa na wewe. Kwa upande wa Maneromango, uhusiano wao wa kisheria utakatika."

Nililifikiria likizo nzima. Watoto walikuwa huko wakati huo, na Mjomba alinipigia simu kuniambia binti ameanza kushona kwa mashine ya mkono ya bibi yake, ile ambayo mama yake alijifunzia. Nilimrudia wakili nikamwambia hapana. Watu walidhani naogopa Mjomba. Sikumwogopa. Mimi nilishakatwa kutoka kwenye familia kwa karatasi mara moja, na sikuona sababu ya kutumia karatasi nyingine kuwakatia watoto ukoo wao ili nipate kadi ya bima. Wakili alisema anaelewa, ila aliendelea kuidai ile bima kwa mlango mwingine, kwamba amri ya mahakama ya ulezi iheshimiwe kama ilivyo. Ilichukua muda, na mwishowe kadi zikatoka. Tangu hapo akija mtu ofisini kwake mwenye shida kama yangu, huniomba nikaketi naye. Nimeketi na bibi anayelea wajukuu wa binti aliyetoweka, na baba wa kambo aliyebaki na mtoto wa marehemu mkewe, na dada wa miaka ishirini anayelea wadogo zake watatu. Siwapi sheria, hiyo ni kazi ya wakili. Mimi huwaambia maswali watakayoulizwa, yakiwemo yale ya aibu, ili wayasikie kwanza kwa mtu anayewatakia mema.

Binti amemaliza chuo cha ualimu. Nilimshawishi asome kingine, hakunisikia. Mashine zote mbili anazo yeye, na mwisho wa wiki anashona. Mdogo wake yuko sekondari, na mwaka jana alipata kipaimara kule Maneromango, kwenye kanisa la zamani la misheni. Nilikwenda tangu Ijumaa kwa sababu sikuiamini barabara. Jumapili niliketi safu ya nyuma na mtandio wangu, na bibi yake, ambaye siku hizi haoni vizuri, alinishika mkono muda wote wa ibada akidhani ni mwanawe wa Kisarawe. Sikumsahihisha.

Mchungaji aliwaita wazazi na walezi wa kila mtoto wasimame walipo. Jina la mvulana wetu lilipotajwa, Mjomba alisimama mbele, akageuka nyuma, akaniangalia na kuonyesha kwa mkono: inuka. Niliinuka. Watu waligeuza shingo, wengine wakanong'ona, mama mmoja wa kwaya alinitabasamia. Mchungaji aliendelea na jina linalofuata.

Tulikula pilau na kuku chini ya turubai lililovuja. Mama mdogo wa Kisarawe alikuwepo na mwanawe yule aliyekuwa mchanga wakati wa shauri, sasa kijana wa darasa la mwisho la msingi, dhaifu katika hesabu. Aliniuliza kama naweza kumpokea likizo nimfundishe. Nikamwambia amlete, chumba kipo, lakini aje na madaftari yake yote, hata yale yenye alama mbaya.